Kamera Isiyo na Mdomo

Kwa wiki tano kamera mbili zililala kitandani kwangu, upande wa ukutani, ndani ya chandarua, na mimi nikalala pembezoni kama mgeni. Moja ilikuwa yangu na nyingine haikuwa yangu, ila ipi ni ipi hakuna aliyejua. Aliyetakiwa kuamua ni mimi mwenyewe, na mimi ni mtu ninayeweza kusimama mbele ya muuza vitenge mpaka akafunga duka.

Mwenye kamera alikuwa mzee wa Utete aliyenifundisha kazi nikiwa binti wa miaka kumi na tisa. Mpaka leo namwita mwalimu. Miaka mingi aliwapiga watumishi wa wilaya picha ndogo za vitambulisho, na mchana kukiwa na joto alikuwa anafunga mlango na kunifundisha kusafisha mkanda gizani kwa kuhesabu kwa mdomo. Macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua, hospitali wakamwambia ni presha ya macho. Kamera yangu ilipotumbukia majini Nyamisati wakati nashuka kwenye boti, nilimpigia simu nikilia, akaniambia niache kulia niende Utete.

Nilipofika alinikabidhi mifuko miwili ya ngozi. Alisema nizitumie zote mbili mpaka niridhike, halafu moja irudi kwake na nyingine iwe yangu moja kwa moja. Nikamwuliza kama angekuwa yeye angechukua ipi. Akasema hilo halinihusu. Nikamwuliza tena kwa njia nyingine, kwa ujanja kidogo, akacheka na kumwomba mkewe alete chai.

Zote mbili ni kamera za mkanda, za aina ambayo huangalii kupitia lenzi. Unaangalia kwenye kidirisha cha pembeni, na katikati ya kidirisha unamwona mtu wako akiwa wawili, mmoja mzima na mmoja kama kivuli chake. Unazungusha lenzi taratibu mpaka wale wawili wakae mwili mmoja, ndipo unabonyeza. Ni kamera za watu wenye uwezo, na sikuwahi kuota nitashika hata moja, sembuse mbili kwa pamoja.

Ya kwanza niliiita ya mtafiti, kwa sababu mwalimu aliachiwa na mgeni mmoja aliyekuwa akichunguza mikoko ya delta na mwalimu ndiye aliyekuwa akimwongoza kwenye boti. Rangi yake nyeusi imelika pembeni, shaba inaonekana. Haina betri wala haipimi mwanga, unakisia mwenyewe. Pazia lake la ndani ni la kitambaa, na ukiibonyeza inatoa sauti ya mtu anayemeza mate. Ya pili niliiita ya Dar, maana huko ndiko mwalimu alikoinunua. Inapima mwanga kwa betri ndogo mfano wa kifungo cha shati, ambayo fundi saa wa sokoni Kibiti anayo. Kidirisha chake ni kipana na cheupe. Pazia lake ni la chuma, linasema kacha, na mtu wa chumba cha pili anasikia.

Nilikosea kuomba ushauri. Nimo kwenye kundi la simu la wapenzi wa kamera za mkanda, karibu wote wanaume wa Dar, na nilipoweka picha za zile mbili walinivamia. Dada, chukua hiyo ya kimya. Dada, ukiirudisha hiyo ya kimya tutakutoa kwenye kundi. Mmoja alinitumia ujumbe wa sauti mrefu kuliko hotuba ya Ijumaa, akieleza kwamba kamera bora ni ile ambayo mtu hajui kama amepigwa. Nilimsikiliza mara mbili nikikwangua nazi. Alijua kuongea yule kijana, na nilipomaliza nazi nilikuwa upande wa kamera ya mtafiti. Kesho yake mwanga wa Kibiti ukanitoa jasho, nikakosea kukisia mara tatu mfululizo, nikahamia kwa ya Dar.

Nikaamua kuzijaribu kwa haki. Mama yangu mdogo analima mpunga delta, na mpunga ukianza kuzaa huhamia shambani kabisa, anakaa kwenye dungu lake juu ya miti kuamia ndege kuanzia alfajiri. Nilikwenda nikakaa naye siku mbili. Nilimpiga akivuta kamba ya makopo, mara kwa kamera hii, mara kwa ile, akiwa amesimama palepale, mwanga uleule. Nikarudi Kibiti, nikasafisha mikanda, nikatoa picha, nikampelekea. Alizitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kwa nini nimetoa picha moja mara mbili. Nilikasirika, nikamwonyesha tofauti za vivuli. Akasema anaziona kabisa, na akanirudishia moja kwa sababu ya pili hana haja nayo.

Mtu anaweza kusema, si ungerusha shilingi. Angekuwa hajui kilichokuwa kinaning'inia hapo. Kazi yangu yote ilishachukuliwa na simu. Picha za vitambulisho zinapigwa palepale ofisini, maulidi na mahafali kila mtu anajipigia. Nimebakiwa na kazi moja tu ambayo simu haiwezi kunipokonya, nayo ni singo.

Huku kwetu bibi harusi akisingwa, chumba ni cha wanawake peke yao. Anapakwa liwa ya kunukia, anaimbiwa, anafundwa na kungwi, na wakubwa zake wanavua mitandio na kucheza watakavyo. Mlangoni kunawekwa kikapu, simu zote zinaingia humo na kufunikwa kanga. Ilishatokea picha ya ndani ya singo ikafika kwenye simu za wanaume, na tangu siku hiyo hakuna mjadala. Mimi peke yangu naingia na kamera. Naingia kwa sababu kamera ya mkanda haina kioo cha kuonyesha wala haitumi kitu popote, kwa sababu nasafisha mwenyewe kwenye chumba changu cha giza, na kwa sababu mkanda wenyewe namkabidhi mama wa bibi harusi, nisibaki hata na kipande. Wanawake wa Mtunda, Kibiti na Umwe wameniamini kwa hilo, na kuaminiwa huko ndiko kunakonilisha mimi na mama yangu. Kwa hiyo nilikuwa nachagua kitu cha kuingia nacho kwenye chumba kile.

Singo ya kwanza baada ya kupata kamera hizo ilikuwa Mtunda. Nilichukua ya mtafiti, maneno ya yule kijana yakiwa bado yananizunguka kichwani. Kungwi alikuwa mama mmoja wa makamo ya kwenda uzeeni, anayefunda mabinti wa upande ule wote, mwenye ulimi wa kukata na kilemba kisichosogea. Mara tu nilipoanza, nikaona mambo hayaendi. Kila niliyemwelekezea kamera aliganda akisubiri. Umeshapiga? Nimeshapiga. Mbona sikusikia? Kamera yangu iliyokufa ilikuwa inalia mlio wa mlango wa kabati, na sikujua kwamba miaka yote hiyo walikuwa wanautegemea. Mlio ulikuwa unawaambia sasa umepigwa, sasa uko huru, jifunue, cheza. Siku hiyo hawakujua wamepigwa lini, kwa hiyo hawakuwa huru dakika hata moja. Mama wa bibi harusi alikaa na mtandio kichwani mpaka mwisho.

Kungwi pekee alinisahau. Alipomaliza kufunda alikwenda kukaa peke yake ukutani, nyuma ya wanaocheza. Alivua kilemba, akakiweka mapajani, nywele zake nyeupe zikiwa zimesukwa mistari minne. Halafu akalia. Alilia bila kujifuta, mtu ambaye muda mfupi tu nyuma alikuwa amemkataza bibi harusi kutoa hata chozi. Niliinua kamera. Wale wawili kwenye kidirisha wakasogeleana wakawa mmoja, nikabonyeza, na hakuna aliyegeuka.

Niliitoa picha ile pamoja na zingine. Naandika hivi na bado sijui nilifikiri nini. Nafikiri niliona uzuri wake nikadhani uzuri unatosha. Nilimpelekea mama wa bibi harusi bahasha na mkanda wake, wanawake wakakaa kwenye mkeka kuzitazama, picha zikazunguka mkono kwa mkono, na ya kungwi ikaonwa na ukoo mzima kabla ya kumfikia mwenyewe.

Alikuja Kibiti kwa bodaboda, siku ya pili yake. Alikataa kiti, akakataa na maji. Aliishika picha kwa kona, akaniuliza nilimpiga saa ngapi. Nikamwambia ni pale alipokaa ukutani.

“Sikusikia kitu,” akasema.

“Kamera hii haina sauti, bibi.”

“Haya. Kamera haina mdomo.” Alinitazama mpaka nikainamisha macho. “Na weye huna?”

Alisema kuanzia hapo singo zake hazitakuwa na picha, na singo zake ndizo singo zote za upande huo. Picha akaifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka nayo. Niliona aibu iliyonifanya nijifungie ndani mpaka alasiri. Na kilichonichanganya zaidi, kikanichanganya kuliko kamera zenyewe, ni kwamba picha ile ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Ningeomba radhi kwa moyo wangu wote na bado nisingetamani kwamba sikuipiga. Nikajaribu kumweleza mama hilo. Akaniambia nile.

Angalau uamuzi ulikuwa umepatikana. Ningebaki na ya Dar, yenye kacha yake, niende Mtunda kuomba radhi, niwasikilizishe mlio wake, wanirudishe chumbani. Ya mtafiti irudi kwa mzee. Kundi la Dar litanitoa, na wanitoe. Nilimpigia simu mwalimu kumwambia nimeshachagua. Akasema nisimtajie ipi, niende nazo zote mbili, aziage.

Nilivuka daraja, nikafika Utete kabla ya adhuhuri. Mkewe alikuwa anaanika mchele uani, akanipokea mkoba. Aliniambia kwa sauti ya chini nisishangae mwalimu akimimina chai na kidole ndani ya kikombe, siku hizi ndivyo anavyojua kimejaa. Niliingia nikasema shikamoo mwalimu, akaitikia akitazama mlango wa upande mwingine.

Nilimwekea ya mtafiti mikononi, nikamwambia hiyo ndiyo ninayoirudisha. Aliipapasa, akagusa pembe zilizolika, akatabasamu. Kisha akavuta wenzo wa mkanda, akaiweka kamera sikioni badala ya jichoni, akabonyeza. Alisikiliza. Akavuta tena, akaibana zaidi kwenye sikio, akabonyeza tena. Niliona tabasamu likimtoka taratibu, naye akilirudisha kwa nguvu.

“Umechagua vizuri,” akasema. “Nipe na hiyo nyingine niiage.”

Nikampa ya Dar. Kacha. Uso wake wote ukabadilika. Akavuta, kacha. Akasogea mpaka dirishani, akageuza uso upande wa mto, kacha. Akaniambia hiyo ndiyo sauti aliyokuwa anasikia wakati mtoto wake wa kwanza anatambaa, na mto ulipojaa mpaka kwenye ngazi za ofisi, na siku aliyonipiga mimi nikishika trei ya dawa ya kusafishia picha kwa mara ya kwanza. Alikuwa anapiga picha zilezile tena, bila mkanda. Mkewe alisimama mlangoni na ungo mkononi, hakuingia.

Nilipandwa na hasira, nami nikipandwa na hasira nasema. “Kwa nini hukuniambia macho yameshaondoka?”

“Ningekwambia, ungeniuliza nataka kamera ya nini.”

“Ndiyo.”

“Ningesema nataka ya kusikiliza. Ungenipa yenye sauti.”

“Ndiyo, mwalimu, ningekupa.”

“Basi ndiyo sababu,” akasema. “Miye nimeshamaliza kazi. Weye hujamaliza.” Akaipangusa ya Dar kwa pindo la shuka, akaninyooshea.

Hapo ndipo nilipokwama kabisa. Niliitazama mikono yake, nikawaza chumba cha Mtunda, nikamwaza mama, nikarudi kwenye mikono yake. Mimi kile chuma kinachosema kacha nilikuwa nakitaka kwa kula yangu, na si maneno ya kupamba. Yeye alikuwa anakitaka kwa kitu ambacho sina jina lake. Nilijaribu kuwaweka wawili hao wakae mwili mmoja, wakakataa. Nikamwambia amenielewa vibaya. Nilimwambia nimechanganya mifuko, nimempa isiyo yenyewe, ninayoirudisha ni ya Dar, na wanawake wa kwenye singo wanaipenda sana ile ya kimya.

“Wanaipenda?” akauliza.

“Sana. Hawajui hata wamepigwa saa ngapi.”

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Akauliza kama nina uhakika, nikasema ninao. Sikuwa nao. Njia nzima ya kurudi niliushika mfuko wa ile kamera bubu mapajani, nikijiita mjinga mpaka Ikwiriri, na kutoka Ikwiriri mpaka Kibiti nikijisifu, na niliposhuka stendi nikajiita mjinga tena.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Mtunda nyumbani kwa kungwi. Nilipiga hodi, nikakaribishwa mpaka ndani, jambo ambalo sikulitarajia. Ukutani kulikuwa na kioo kidogo cha kujitazamia, na kwenye ukingo wa kioo imechomekwa picha yangu, yeye na nywele zake nyeupe na machozi yake. Nikachanganyikiwa upya. Aliona nimeiona, akaniambia nimtazame yeye nisitazame ukuta. Niliomba radhi. Nilimwambia kamera yenye mlio sina tena, nimebaki na hii hii isiyo na mdomo, na sitarudi chumbani kwake mpaka aseme mwenyewe. Halafu nikamwambia mdomo ninao mimi.

Hakuniuliza nina maana gani. Alikwenda kukaa ukutani, akavaa kilemba vizuri, akaniambia nimwonyeshe. Nikainua kamera, nikazungusha lenzi, na kabla ya kubonyeza nikasema kwa sauti, “Nakupiga, bibi.” Nikabonyeza. Akangoja kidogo.

“Tayari?”

“Tayari.”

Alisema ni kero. Alisema nitakuwa napiga kelele kama muuza samaki, nitawaharibia nyimbo. Kisha akasema mwezi ujao kuna singo ya mjukuu wa dada yake na nisichelewe.

Ndivyo ninavyofanya kazi sasa. Nakupiga, shangazi. Nakupiga, wifi. Nimepoteza picha nyingi hivyo, maana mtu aliyeambiwa hujitengeneza, na zile sura za kusahau dunia hazirudi. Wapo wanaosema nakupiga wenyewe kabla yangu, chumba kizima kinacheka. Kuna siku natoka na mkanda wenye picha kumi nzuri, kuna siku picha zote thelathini na sita za mkanda ni za wanawake waliokaa wima. Ukiniuliza kama nilichagua kamera iliyo bora, sijui. Sijui hata kama nilichagua.

Mwalimu ananipigia kila Ijumaa baada ya swala. Hatuna salamu ndefu, anaisogeza ya Dar kwenye simu na nasikia kacha, nami namwambia nimeiona. Wiki iliyopita akataka kusikia na yangu. Nikaisogeza kwenye simu, nikabonyeza. Kimya. Akaniuliza kama nimeshapiga, nikasema nimeshapiga. Akasema hakusikia kitu, na huko kwenye singo wanajuaje?

Sikuwa na uongo wa karibu. Nikamwambia huwa nasema.

“Unasemaje?”

“Nasema, nakupiga.”

Nikasikia akivuta pumzi, na nikajua ameshaelewa nilimwachia nini siku ile Utete. Nilingoja anigombeze.

“Haya, niambie na miye,” akasema.

Nikaivuta tena kamera, nikaielekeza kwenye simu iliyokuwa mezani, kwa kuwa hakukuwa na pengine pa kuielekeza. “Nakupiga, mwalimu.”

“Ngoja kwanza,” akasema, na nikasikia akipapasa kitandani, “nivae kofia.”